Kutoka Ganda la Mbegu hadi Dripu

Dawa yote imo kwenye ganda. Chukua mbegu ya Silybum marianum, mmea wa miiba wa nchi zinazoizunguka Bahari ya Kati, uiweke kiganjani: urefu wake milimita 6 hadi 8, upana wake kama milimita 3, rangi yake kahawia iliyokoza yenye kung'aa, na kwenye ncha ya juu ina pete ndogo ngumu ya manjano. Ipasue kwa ukucha. Kiini cheupe cha ndani kimejaa mafuta, karibu robo ya uzito wa mbegu. Lile ganda jembamba la nje, ambalo kwenye ungo lingepepetwa likaenda na upepo, ndilo lililobeba silimarini, mchanganyiko wa kemikali ambao kwa zaidi ya nusu karne umetumika kulijaribu swali moja kubwa: je, mmea unaweza kulikinga ini la binadamu lisiharibike?

Swali hilo hujibiwa kila siku kwa haraka mno. Nenda stendi yoyote ya mabasi, au fungua simu tu, utakutana na unga, chai na vidonge vya "kusafisha ini", na neno antioksidanti limebandikwa kwenye kila chupa. Mimi nataka kuwasifu watu waliokubali kulijibu polepole: wataalamu wa mimea ya dawa, wakemia, wapimaji wa maabara na madaktari ambao, kizazi baada ya kizazi, wamekaa na mbegu hii moja hadi wakajua ina nini, kiasi gani, inafanya nini na, jambo lililo gumu kuliko yote, haifanyi nini. Sijui ufundi unaostahili heshima zaidi kwa mtu anayetaka dawa za mimea zichukuliwe kwa uzito.

Mmea wenyewe, ambao hapa nitauita silibamu, hupenda jua kali na hauchagui sana udongo. Hufikia kimo cha mtu, huchanua maua ya zambarau, na majani yake mapana yana mabaka meupe yanayofuata mishipa. Vichwa vyake haviivi pamoja. Cha juu hukomaa wakati vya pembeni bado ni vibichi, na mbegu iliyoiva huwa na manyoya meupe yanayoipeperusha. Mkulima akiwahi kuvuna, mbegu nyingi hazijakomaa. Akichelewa, sehemu ya mazao imeshapaa. Kwa hiyo hata kabla maabara haijafunguliwa, kuna mtu shambani anayepaswa kujua siku ya kuvuna.

Wazee wa Ulaya waliujua mmea huu tangu kale. Dioscorides aliuandika katika karne ya kwanza, na Plinio wa Roma, wa karne hiyohiyo, akasema maji yake yakichanganywa na asali huondoa nyongo. Katika karne ya 19 daktari Mjerumani Johann Gottfried Rademacher aliwapa wagonjwa wa ini dawa ya matone iliyotengenezwa kwa kuloweka mbegu zake kwenye pombe. Madai hayo yalidumu kwa sababu watu waliona nafuu, au waliamini wameiona. Lakini hakuna aliyeweza kuonyesha ni kitu gani ndani ya mbegu kilichofanya kazi, wala ni ugonjwa gani wa ini kilioutibu. Ini huugua kwa njia nyingi, na mgonjwa mwingine hupona hata asipopewa kitu.

Kazi ya kwanza ya fundi ni kuutambua mmea, na wengi huidharau. Tazama mbaruti wetu, ule wa maua ya manjano unaoota kandokando ya barabara na kwenye mashamba yaliyolala. Majani yake ya miiba, yenye weupe kwenye mishipa, yanaweza kumhadaa mtu aliyeona picha moja tu ya silibamu. Mbegu za mbaruti zina sumu iitwayo sanguinarini. Mwaka 1998 mjini Delhi, India, mafuta ya kupikia ya haradali yaliyochanganyika na mafuta ya mbaruti yaliwavimbisha watu miili na kuua makumi. Ndiyo maana mtaalamu hakubali gunia kwa sababu ya jina lililoandikwa juu yake. Huitazama mbegu kwa lenzi, hukata kipande chembamba cha ganda na kukiweka chini ya hadubini, huhifadhi tawi lenye ua na jani lililokaushwa ili mtu wa baadaye aweze kuhakikisha kwamba kilichopimwa ni mmea huo na si mwingine.

Baada ya hapo mbegu husagwa, na hapo huanza kazi ninayoipenda kuliko zote. Silimarini imefichwa na mafuta. Ukiloweka unga moja kwa moja utapata ugiligili unaoteleza na usiopimika. Lazima mafuta yatoke kwanza, na yatoke yote, bila kugusa kile unachokitafuta. Maabara ndogo hutumia kifaa cha vioo kilichobuniwa na Franz von Soxhlet, mtaalamu wa kemia ya kilimo aliyefundisha Munich, ambaye mwaka 1879 alikitangaza kwa ajili ya kupima mafuta yaliyomo kwenye maziwa. Chini kuna chupa ya kiyeyushi, kwa mfano heksani, inayopashwa moto taratibu. Mvuke hupanda kwa mrija wa pembeni hadi kwenye kipoozeo kinachopitishiwa maji baridi, hugeuka matone, na matone huangukia kifuko cha karatasi nene kilichojaa unga wa mbegu. Chumba cha kioo kinachokizunguka kifuko hujaa polepole. Kiyeyushi kinapofika kwenye kona ya mrija mwembamba wa kando, chote huvutwa kwa mkupuo na kurudi chini kwenye chupa, kikiwa kimebeba mafuta. Kisha kinachemka tena, kinapanda tena, kinadondoka tena, na kila mara kinachorudi juu ni kiyeyushi safi, kwa sababu mafuta hayapandi na mvuke.

Hakuna anayekoroga wala kusukuma chochote. Mtu hukaa karibu, akiangalia moto usizidi na maji ya kupoza yasikatike, huku mzunguko ukijirudia kwa saa kadhaa. Mwanzoni kinachoshuka kina rangi ya manjano. Baadaye hupauka, na mwisho hushuka kikiwa hakina rangi kabisa, na ndipo fundi anajua mafuta yamekwisha. Viwanda hufanya kazi hiyohiyo kwa mashine kubwa, vikikamua mbegu kwanza, lakini mpangilio haubadiliki: toa usichokitaka ndipo ufuate unachokitaka. Makapi yaliyobaki huingia kwenye kiyeyushi cha pili, asetoni au alkoholi au asetati ya ethili, na safari hii kinachotoka ndicho huhifadhiwa. Kiyeyushi kikivukizwa, hubaki unga wa manjano. Mbegu nzuri huwa na silimarini ya asilimia 1.5 hadi 3, kwa hiyo kilo nzima hutoa gramu 15 hadi 30 tu, na hiyo ni kabla ya hasara za njiani.

Unga huo bado ni dai tu. Kuuthibitisha, mpimaji huchukua kibao kilichopakwa silika, huweka nukta ndogo za dondoo karibu na ukingo wa chini, na kukisimamisha ndani ya chombo chenye mchanganyiko wa viyeyushi wenye kina kidogo. Viyeyushi hupanda kibao na kuzikokota kemikali, kila moja kwa mwendo wake. Kibao hukaushwa, hunyunyiziwa dawa maalumu, kisha huwekwa chini ya taa ya urujuanimno ya nanomita 365 katika chumba cha giza. Hapo silibinini na silikristini, viungo vya silimarini, hung'aa kibluu cha kijani, na taksifolini huwaka rangi ya chungwa. Mbegu iliyochakachuliwa hujifichua yenyewe, maana nukta zake hazisimami mahali pake. Hildebert Wagner wa Chuo Kikuu cha Munich, pamoja na Sabine Bladt, walikusanya picha za rangi za vibao vya namna hii kwa mamia ya mimea ya dawa na kuzichapisha kitabuni miaka ya 1980. Fikiria ni jioni ngapi za chumba cha giza zimo ndani ya kitabu hicho.

Wagner huyo na wenzake ndio waliotangaza mwaka 1968 kwamba wameitenga silimarini. Mwaka huohuo Andrew Pelter na Rudolf Hänsel walichapisha muundo wa silibinini, kiungo chake kikuu: atomu 25 za kaboni, 22 za hidrojeni na 10 za oksijeni. Mmea umeunganisha vipande viwili ndani ya ganda lake. Kimoja ni taksifolini, ya ukoo wa flavonoidi unaopatikana kwenye rangi za maua na matunda. Kingine ni alkoholi ya koniferili, ambayo mimea huitumia kujengea ugumu wa mti. Na hata hapo kazi haikuisha. Silibinini ilionekana kuwa kitu kimoja, kumbe ni mchanganyiko wa maumbo mawili, A na B, yenye atomu zilezile zilizopangwa kwa mielekeo tofauti kidogo. Utenganishaji kamili wa maumbo hayo na ndugu zao ulichapishwa mwaka 2003, miaka 35 baadaye, na kikundi cha North Carolina walimokuwemo Monroe Wall na Mansukh Wani, walewale waliogundua taksoli, dawa ya saratani, kutoka kwenye gome la mti. Wall na Wani waliifanya kazi hiyo wakiwa wamezeeka, na bado walikuwa wakishughulikia mbegu za mmea wa miiba.

Sasa tuje kwenye ini. Kwa mtu mzima lina uzito wa karibu kilo moja na nusu, na takriban robo tatu ya damu inayoliingia hutoka moja kwa moja kwenye utumbo, ikiwa imebeba chakula, dawa, pombe na sumu bila kuchujwa. Kazi ya ini ndiyo inayoliponza. Linapobadilisha vitu ili mwili uvitoe, mara nyingine huzalisha kitu kibaya kuliko kilichoingia. Kaboni tetrakloridi, kimiminika kilichowahi kutumika kwenye udobi wa nguo za sufu na kwenye vizima moto, ni mfano ambao maabara huupenda. Kimeng'enya kimoja cha ini huikata na kuzalisha radikali huru, molekuli iliyobakiwa na elektroni isiyo na mwenzake. Molekuli hiyo huvamia mafuta ya ukuta wa seli, mafuta hayo nayo yanageuka radikali na kuvamia ya jirani, na uharibifu husambaa mpaka ukuta utoboke. Parasetamoli iko karibu zaidi na nyumba zetu. Kwa kipimo sahihi ini huimudu. Mtu akizidisha, zao lake lenye sumu humaliza glutathioni, akiba ya kinga iliyomo ndani ya seli, na seli huanza kufa.

Antioksidanti ni kitu kinachoweza kuipa radikali ile elektroni inayoitafuta na chenyewe kikabaki kimetulia. Pete za kaboni za silibinini huweza kufanya hivyo kwa sababu upungufu wa elektroni hutawanyika ndani yake. Kipimo cha kuonyesha jambo hili kilitangazwa mwaka 1958 na Marsden Blois: radikali moja ya rangi ya zambarau, iitwayo kwa kifupi DPPH, huchanganywa na dondoo la mmea. Dondoo likiwa na nguvu, zambarau hugeuka manjano ndani ya nusu saa mbele ya macho yako. Ni kipimo rahisi, kizuri kutazama, na cha bei nafuu. Tatizo ni kwamba kazi nyingi kuhusu mimea huishia hapo, na naona hilo ni kosa kubwa. Chai itageuza rangi hiyo. Maganda ya komamanga pia, na mvinyo mwekundu. Chombo cha kioo cha maabara hakina nyongo, hakina damu, hakina vimeng'enya vinavyoivunjavunja dawa kabla haijafika inakotakiwa.

Fundi wa kweli huendelea. Hupima kwenye seli za ini zilizo hai. Hupima kwa panya waliopewa kaboni tetrakloridi, akilinganisha waliokingwa na wasiokingwa. Katika damu hutafuta ALT, kimeng'enya kinachovuja seli za ini zinapopasuka. Katika ini lililosagwa hutafuta mabaki ya mafuta yaliyoungua, ambayo yakichemshwa na asidi ya thiobarbituriki hutoa rangi ya waridi inayopimika. Kisha hukata ini vipande vyembamba sana na kuvitia rangi, kiini cha seli kiwe cha zambarau na sehemu iliyobaki iwe ya waridi, na kukaa kwenye hadubini. Mtazamaji mzoefu huangalia kwanza pembezoni mwa mshipa wa katikati wa kila kijisehemu cha ini, maana kimeng'enya kinachozalisha radikali kimejaa zaidi hapo, na seli za hapo ndizo hufa mwanzo. Kama dawa imekinga, hapo ndipo patakaposema. Mara nyingi anayesoma vipande hivyo hufichwa ni panya yupi alipewa nini, ili jicho lake lisione anachokitamani.

Na panya si mtu. Mahali ambapo mbegu hii ilikutana na kifo cha binadamu ni kwenye uyoga. Amanita phalloides ni uyoga wa misitu ya Ulaya wenye kofia ya kijani cha zeituni, mapezi meupe chini yake, na shina lililotumbukia ndani ya kifuko. Walionusurika wamesimulia kwamba ni mtamu. Kupika hakuondoi sumu yake. Mlaji hujisikia mzima kwa saa 6 hadi 12 au zaidi, kisha hushikwa na kutapika na kuhara vikali, kisha hupata nafuu inayomdanganya yeye na jamaa zake, na siku ya tatu au ya nne ini linaanguka. Sumu kuu, amanitini, hukikaba kimeng'enya kinachonakili maagizo ya jeni. Seli hushindwa kutengeneza protini na kufa. Amanitini ilitengwa mwaka 1941 na Heinrich Wieland na Rudolf Hallermayer mjini Munich. Sumu na dawa yake zilitoka katika mji mmoja, miaka 27 ikipishana.

Lakini mgonjwa wa uyoga anatapika, hawezi kumeza kidonge, na silibinini karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji. Hata ikimezwa, sehemu kubwa ya inayofyonzwa hufungwa na ini na kutupwa kupitia nyongo. Unga wa manjano uliopatikana kwa jasho lote lile ulikuwa hauingii kwenye mshipa. Wakemia wakaipachika silibinini mikia miwili ya asidi ya sukiniki na kuigeuza chumvi ya sodiamu. Ikayeyuka. Kampuni ya Madaus ya Ujerumani iliiuza kwa jina la Legalon SIL, katika vichupa vyenye silibinini ya miligramu 350 kila kimoja. Kipimo cha kawaida ni miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa siku, kwa dripu nne, kila moja ikipita kwa saa mbili.

Hebu tupige hesabu. Mgonjwa wa kilo 60 anahitaji miligramu 1,200 kwa siku. Kwa siku nne ni karibu gramu 5. Kilo moja ya mbegu yenye silimarini ya asilimia 2 ina gramu 20, na kama nusu yake ni silibinini, ni gramu 10. Hata ukihesabu hasara kubwa za kiwandani, mbegu zinazotosha mgonjwa mmoja zinaingia kwenye mfuko wa kubeba mkononi. Januari 2007 huko Santa Cruz, California, watu sita wa familia moja walikula uyoga huo. Dawa haikuwa imesajiliwa Marekani. Daktari Todd Mitchell aliomba kibali cha dharura, na vichupa vikasafirishwa kwa ndege kutoka Ujerumani. Watano walipona, bibi yao akafariki.

Jambo linalonifanya niwaheshimu zaidi wataalamu hawa lilijitokeza walipouliza dawa hii inafanyaje kazi dhidi ya uyoga. Ingekuwa rahisi kujibu kwamba ni antioksidanti na kufunga mjadala. Walipochunguza waliona kwamba amanitini huingia kwenye seli ya ini kupitia mlango maalumu wa protini, unaotumika kupitishia vitu vya kawaida vya mwili, na kwamba silibinini huuziba mlango huo. Sumu iliyoko nje ya seli hubaki nje. Hata ile inayotoka na nyongo na kufyonzwa upya utumboni ikirudi inakuta pamezibwa. Kwa hiyo pale mbegu ilipopata sifa yake kubwa kuliko zote, nguvu ya antioksidanti pengine ilikuwa msaidizi tu. Jambo kama hilo lilitokea Vienna: Peter Ferenci na wenzake waliwapa dripu ya silibinini wagonjwa wa homa ya ini C wakilenga kupunguza uharibifu unaoletwa na radikali, na mwaka 2008 wakaripoti kitu wasichokitarajia, kwamba virusi vyenyewe vilipungua kwenye damu. Baadaye vikaja vidonge vinavyoua virusi hivyo moja kwa moja, na dripu ikawekwa kando.

Ushahidi wa uyoga wenyewe una mpaka. Hakuna jaribio la tiba lililowagawa wagonjwa kwa kura, nusu wapewe dawa na nusu wanyimwe, nani angethubutu? Tunachonacho ni kumbukumbu za hospitali nyingi za Ulaya, zilizolinganishwa kwa makini.

Kwa magonjwa ya ini yaliyozoeleka, majaribio ya kura yalifanyika, na matokeo yake yanatofautiana. Ferenci alichapisha mwaka 1989 kuhusu wagonjwa 170 ambao maini yao yalikuwa yamejaa makovu: baada ya miaka minne asilimia 58 ya waliomeza silimarini walikuwa hai, wengine asilimia 39. Watu walishangilia. Kisha mwaka 1998 jaribio la Uhispania kwa wagonjwa 200 walioharibiwa ini na pombe halikuona tofauti ya vifo. Mwaka 2012 Michael Fried na wenzake Marekani walitangaza matokeo ya wagonjwa 154 wa homa ya ini C waliopewa vidonge vya silimarini kwa wiki 24, kwa vipimo vikubwa kuliko vya kawaida, wakilinganishwa na waliomeza vidonge visivyo na dawa. ALT haikushuka zaidi kwa waliopata dawa. Hapo nawavulia kofia. Ni kazi ya miaka, fedha na matumaini ya wagonjwa, na waliandika wazi kwamba haikusaidia, kwenye jarida linalosomwa dunia nzima.

Kwetu Afrika Mashariki ufundi huu haupo mbali. Taasisi ya Tiba Asilia ya Muhimbili, Dar es Salaam, imekuwa ikichunguza mimea yetu tangu miaka ya 1970, na vyuo vya Nairobi na Kampala vina wataalamu wa fani hii. Wanachokosa mara nyingi ni vifaa na wasomaji wenye subira. Soko halisubiri. Manjano ya kwenye pilau hayana neno, lakini mwaka 2022 watafiti wa Marekani walieleza visa 10 vya watu walioumizwa ini na vidonge vya manjano, baadhi vikiwa vimeongezwa dondoo la pilipili manga ili mwili uyafyonze zaidi. Watano walilazwa, mmoja akafariki. Chai ya kijani ya kikombe haina shida, lakini Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba vidonge vyenye katekini yake ya EGCG kufikia miligramu 800 kwa siku vinahusishwa na dalili za kuumia ini. Hizo nazo ni antioksidanti, na kwenye DPPH zinafaulu vizuri sana.

Wakati huohuo maadui wakubwa wa ini la Mwafrika Mashariki wanajulikana. Sumukuvu kwenye mahindi iliwafanya watu 317 waugue na kuwaua 125 kati yao mashariki mwa Kenya mwaka 2004, na mwaka 2016 ikaua 20 kati ya 68 walioripotiwa kuugua katikati ya Tanzania. Homa ya ini B ina chanjo. Mahindi yaliyokaushwa vizuri juu ya turubai na kuhifadhiwa pakavu hulinda ini kuliko chupa yoyote niliyowahi kuonyeshwa.

Kwa hiyo msomaji, mtu akikuletea dawa ya mmea ya kulinda ini, usimdharau, na usimwamini kabla hajajibu. Ni mmea gani hasa, na nani aliutambua? Ni sehemu gani yake: jani, mzizi, ganda? Kila kidonge kina miligramu ngapi za kitu gani? Ilipimwa kwa watu gani, wenye ugonjwa gani, na waliolinganishwa nao walikuwa nani? Mbegu ya silibamu ina majibu ya maswali yote hayo, pamoja na yale yasiyoipendeza. Na kama macho yako yameanza kuwa ya manjano au mkojo umekuwa wa rangi ya chai, nenda hospitali leo, uende na chupa ya dawa uliyokuwa ukitumia, umwonyeshe daktari.